Shajara ya mradi: fedha za utafiti na biashara ya maji wilayani Same

Septemba 2024

Mkataba wa ruzuku umesainiwa. Kwa miaka miwili tutachunguza namna vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, ambavyo huku kila mtu anaviita CBWSO, vinavyojiendesha kama biashara za kijamii. Vinauza maji, vinalipa fundi na mhasibu, vinanunua vipuri, na kinachobaki hakigawiwi mtu, kinarudi kwenye pampu na mabomba. Eneo letu ni tambarare ya wilaya ya Same, mkoani Kilimanjaro, vijiji vinne ambavyo sitavitaja majina kwa sababu ndivyo tulivyoahidi kwenye fomu ya ridhaa.

Naiweka shajara hii hadharani kwa ajili ya wanafunzi wa uzamili na wahadhiri vijana wanaoomba fedha za namna hii. Ripoti ya utafiti humpa msomaji matokeo. Haimwambii fedha zilitoka wapi, zilikwama wapi, wala ratiba ya fedha iliyagusaje matokeo yenyewe. Hilo la mwisho ndilo ninaloliona zito kuliko yote, na ndilo nitakalolifuatilia humu.

Chuo chetu ni cha umma, na milango ya fedha za utafiti ni michache. Kuna COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia iliyoundwa kwa Sheria Na. 7 ya 1986, pamoja na mfuko wa taifa inaousimamia. Kuna fedha za ndani za chuo, ambazo zinatosha utafiti mdogo wa mtu mmoja. Halafu kuna wafadhili wa nje. Tangu Mpango wa Lagos wa 1980 nchi za Afrika zinazungumzia kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti, na bado anayetaka kukaa kijijini muda wa kutosha hulazimika kubisha hodi Ulaya au Marekani. Sweden, kwa mfano, imekuwa ikisaidia utafiti wa vyuo vikuu nchini tangu miaka ya 1970. Ruzuku yetu nayo imetoka Ulaya. Nashukuru kwa dhati kuipata.

Oktoba 2024

Mwezi wa kusoma na wa ziara ya kwanza.

Kwenye kusoma, nimeshangazwa na jinsi asili ya fedha ilivyoielekeza taaluma hii ya ujasiriamali wa kijamii. Ashoka, shirika linalosaidia wajasiriamali wa kijamii, ilianzishwa mwaka 1980 na Bill Drayton, na kazi yake tangu mwanzo ni kumtafuta mtu mmoja mwenye wazo na kumwezesha. Jeff Skoll, aliyekuwa rais wa kwanza wa eBay, alianzisha taasisi yake mwaka 1999, na mwaka 2003 ikatoa pauni milioni 4.44 kuanzisha kituo cha ujasiriamali wa kijamii katika Chuo Kikuu cha Oxford. Ni kazi kubwa na imezaa wasomi wengi. Lakini fedha za watu waliofanikiwa kwa kuanzisha kampuni zimependa kusimulia habari za waanzilishi. Upande wa pili wako watafiti wa EMES, mtandao wa utafiti wa biashara za kijamii barani Ulaya, ulioanza mwaka 1996. Wao waliangalia zaidi nani anaamua, nani ni mwanachama na ziada inakwenda wapi, kwa sababu mbele yao walikuwa na vitu kama vyama vya ushirika wa kijamii vya Italia, vilivyotambuliwa kwa sheria ya mwaka 1991.

Mimi nasimama na hawa wa pili. Chombo cha maji cha Same hakina mwanzilishi wa kupigwa picha. Kina kamati, katiba, daftari na mkutano mkuu. Ukienda na dodoso la kumtafuta shujaa, utaondoka na jina la mwenyekiti na hutaelewa chochote kuhusu maji.

Upare pia haukuanza jana kusimamia maji kwa pamoja. Milimani bado kuna ndiva, mabwawa madogo yanayojazwa usiku na kufunguliwa asubuhi kumwagilia mashamba kwa zamu, na ukarabati wake hufanywa kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya wanajamii. Huko kwenye Mlima Kilimanjaro wakulima wa kahawa walikuwa na chama chao mwaka 1925, na KNCU, chama chao kikuu cha ushirika, ikaundwa mwaka 1933. Mtu anayeandika kwamba ujasiriamali wa kijamii ni jambo jipya Afrika Mashariki ameanza kuhesabu siku fedha za mradi wake zilipoingia.

Tatizo la kazi: biashara za kijamii tuzihesabuje? Tanzania haina umbo la kisheria la biashara ya kijamii, kama lile ambalo Uingereza iliweka mwaka 2005 kwa kampuni za maslahi ya jamii. Hapa kwetu kazi ileile unaweza kuikuta kwa Msajili wa NGOs, BRELA (wakala wa usajili wa biashara), Tume ya Maendeleo ya Ushirika, au kwenye orodha ya vikundi ya idara ya maendeleo ya jamii ya halmashauri. Ndiyo maana tukachagua vyombo vya maji. Vinaundwa chini ya sheria moja, Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya 2019, na RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, inavijua. Angalau hapo tunajua tunachokilinganisha.

Ziara ya kwanza ilikuwa ya kujitambulisha tu. Katika kijiji cha pili mama mhazini alituuliza tutarudi lini na madodoso. Nikamweleza kwamba ratiba ya mradi inasema Aprili. Akafunga daftari lake.

"Mwalimu, mkija Aprili mtaandika kwamba sisi hatuuzi maji."

Akaeleza. Masika yakianza watu wanakinga maji ya mvua mabatini, wengine wanachota kwenye makorongo, na vituoni foleni inakufa. Mauzo yanaporomoka. Lakini fundi analipwa vilevile, na ikiwa kuna kitu cha kuharibika kwenye bomba, huharibika wakati wa mafuriko.

Novemba 2024

Nimeshinda na ratiba ya fedha mezani. Kalenda zinazotubana ni tatu na hazijuani. Mfadhili anafunga mwaka Desemba na anataka takwimu za awali ifikapo Juni. Serikali, na chuo cha umma pamoja nayo, inafunga mwaka tarehe 30 Juni. Ya tatu ni ya vijijini: masika Machi hadi Mei, kiangazi kirefu, vuli Oktoba hadi Desemba, kisha kiangazi kifupi cha Januari na Februari.

Fuata njia ya fedha uone inavyojipanga. Awamu ya kwanza inaingia Novemba. Manunuzi ya vishikwambi yanapita kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa manunuzi ya umma ulioanza kutumika mwaka 2023. Barua za vibali zinatembea. Wadadisi wanafunzwa. Ukijumlisha yote hayo kwa uangalifu na uaminifu, bila mtu yeyote kuzembea, unafika kijijini Aprili. Naamini utafiti mwingi wa biashara ndogo za vijijini unafika Aprili kwa njia hii hii, na hakuna aliyewahi kukaa na kuuchagua mwezi huo.

Tarehe 27 ulikuwa uchaguzi wa serikali za mitaa. Baadhi ya wenyeviti wa vijiji tuliojitambulisha kwao Oktoba wameondoka. Tutajitambulisha upya.

Desemba 2024

Nimemwandikia mfadhili. Ombi letu: fedha zibaki zilezile, lakini badala ya dodoso kubwa la mara moja lenye kaya nyingi, tufanye dodoso dogo kwa kaya zilezile mara nne katika mwaka, moja kwa kila msimu. Pamoja na hilo tunakili madaftari ya mauzo ya vyombo vyote vinne kwa miezi 12 mfululizo. Ili hesabu ikae sawa tumeondoa safari ya mkutano wa kimataifa na kupunguza vishikwambi. Nilimnukuu mama mhazini ndani ya barua, kwa ruhusa yake, bila jina. Sikuona hoja ya kitaalamu iliyo bora kuliko sentensi yake.

Januari 2025

Mfadhili amekubali. Sharti ni ripoti fupi kila baada ya mzunguko mmoja. Tumefurahi sana ofisini.

Vibali vimekamilika pia. Kwa wanaouliza njia yake: barua ya Makamu Mkuu wa Chuo, kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kutoka hapo kwa Katibu Tawala wa Wilaya, halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji. Mtafiti mwenza wetu wa Ulaya yeye anahitaji kibali cha COSTECH, na hilo lianze mapema. Tumeongeza pia ukurasa wa ridhaa kuhusu namba za simu na sauti tunazorekodi, kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Jambo dogo ambalo limewahi kuvunja miradi mizuri: kurejesha masurufu. Fedha za uwandani hutoka kama masurufu kwa jina la mtafiti, na hupati mengine mpaka yaliyotangulia yafungwe kwa stakabadhi. Mama lishe wa kijijini hana mashine ya EFD ya kutoa risiti. Bodaboda hana. Kwa hiyo kabla ya kuondoka tulikaa na mhasibu wa chuo, tukakubaliana fomu moja ya malipo madogo: jina, kazi aliyofanya, kiasi, namba ya simu, sahihi, na muhuri wa mtendaji wa kijiji. Mhasibu aliisoma mstari kwa mstari, akaongeza sehemu ya tarehe ya huduma, akaipitisha. Kaeni na wahasibu wenu mapema. Ni watu wenye kujua mengi na huulizwa mwishoni, kazi ikiwa imeshafanyika.

Februari 2025

Mzunguko wa kwanza. Jua ni kali, foleni vituoni zinaanza alfajiri. Wadadisi ni vijana wa wilaya hii hii, wawili kati yao wanazungumza Kipare, jambo lililosaidia sana kwa wazee. Tunatumia Kobo, programu ya kukusanyia takwimu, inafanya kazi bila mtandao na kupakia takwimu tukirudi mjini.

Kwenye kijiji cha kwanza niliomba kuona wanavyoamua nani asilipe. Niliambiwa nihudhurie mkutano. Katibu alisoma orodha ya majina ya wazee na wagonjwa wanaochota bure, na baada ya kila jina alinyamaza kidogo kusikiliza kama kuna mwenye hoja. Jina moja lilipingwa: mwanawe anamtumia fedha. Mjumbe mmoja akasema fedha hizo zilikoma tangu mwaka jana. Jina likabaki. Kwa bei ya shilingi 50 kwa ndoo ya lita 20, kila jina lina gharama yake, na kila aliyekuwepo alijua kwamba gharama hiyo anaibeba yeye. Vitabu vyetu vinajadili kurasa nyingi uzito wa lengo la kijamii dhidi ya mapato. Hapa umepimwa jina kwa jina, mbele ya watu, chini ya mwembe.

Machi 2025

Mwezi huu umezinduliwa mradi mkubwa wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, unaochukua maji Bwawa la Nyumba ya Mungu. Kwa wananchi ni furaha iliyosubiriwa muda mrefu. Vijiji vyetu viwili viko karibu na njia ya bomba hilo, viwili viko mbali. Kwa utafiti ni fursa ambayo hatukuipanga: tutaona chombo cha jamii kinajipangaje mtoa huduma mkubwa anapokaribia. Nimeongeza maswali matatu kwenye dodoso na kuyapeleka kamati ya maadili.

Mwisho wa Aprili 2025

Mzunguko wa pili. Matope. Gari liliachwa barabarani na sehemu iliyobaki tulikwenda kwa bodaboda na kwa miguu.

Nimekaa na mama mhazini na kaunta buku yake mchana mzima. Ameichora mwenyewe kwa rula: tarehe, kituo, usomaji wa dira asubuhi, usomaji wa dira jioni, fedha, sahihi ya mhudumu. Kurasa za Februari zimejaa hadi pembeni, na pale nafasi ilipokwisha ameandika juu ya mstari. Kurasa za Aprili ni nyingine kabisa. Siku kadhaa dira ya asubuhi na ya jioni zinasomeka sawa, na kwenye safu ya fedha, badala ya sifuri, ameandika neno moja: *mvua*. Siku iliyofuata tena, *mvua*. Nilimuuliza kwa nini asiweke sifuri. Alisema sifuri ingemfanya mkaguzi adhani mhudumu hakuja kazini.

Dodoso la mara moja lingechukua kurasa hizi na kuziita mapato ya chombo. Mtaalamu mwingine angeketi nazo Dar es Salaam au Brussels na kuhitimisha kwamba biashara ya maji ya jamii haiwezi kujitegemea, na labda angeshauri kampuni binafsi ichukue. Sitii chumvi. Mapendekezo ya sera hutoka kwenye majedwali, na majedwali hutoka kwenye mwezi ambao fedha zilimfikisha mdadisi kijijini.

Juni 2025

Mwezi wa kufunga hesabu. Malipo kupitia MUSE, mfumo wa malipo wa serikali, yanakwenda polepole, masurufu yote yamerejeshwa. Ile fomu ya mihuri imetuokoa. Hakuna kazi ya uwandani.

Agosti 2025

Mzunguko wa tatu ulikuwa mwanzoni mwa mwezi, na tukauunganisha na mikutano ya mrejesho ili tuimalize kabla kampeni za Uchaguzi Mkuu hazijaanza. Mkutano wa kijiji wakati wa kampeni husikika tofauti na ulivyokusudiwa.

Tulibandika karatasi za manila ukutani, mwezi mmoja safu moja, urefu wa safu ni mauzo kutoka kwenye madaftari yao wenyewe. Hatukuweka maneno mengi. Watu walisogea, wakaanza kuonyeshana kwa vidole: hapa pampu iliharibika, hapa shule ilifungwa, hapa ndipo tulipopandisha bei. Katika kijiji cha tatu mjadala ulikwenda wenyewe hadi kwenye swali ambalo sisi tulikuwa hatujaliuliza: fedha za matengenezo ya masika zitoke wapi, ikiwa masika hakuna mauzo? Walikubaliana kutenga sehemu ya makusanyo ya kila wiki ya kiangazi kwenye akaunti tofauti isiyoguswa mpaka Machi. Azimio liliandikwa kwenye muhtasari wa chombo, na sisi tuliomba nakala.

Mzee mmoja aliyekuwa amekaa nyuma akasimama. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akauliza: "Ninyi mmesoma daftari letu lote. La kwenu liko wapi?"

Nilikuwa na bajeti ya mradi kwenye mkoba. Niliisoma mbele ya mkutano: posho za wadadisi, usafiri, vifaa, sehemu inayobaki chuoni kwa uendeshaji, mikutano kama huu. Palikuwa kimya kidogo, kisha mama mmoja akataka nirudie posho ya mdadisi kwa siku. Nikarudia. Akaizidisha kwa sauti na kuilinganisha na anacholipwa fundi wao kwa mwezi. Hakuwa na hasira. Alitaka tu kujua kwa nini anayeuliza kuhusu bomba analipwa kuliko anayelitengeneza.

Nilimjibu kwamba viwango vya posho hupangwa na taratibu zinazotuhusu wote chuoni, na kwamba swali lake ni la haki. Nasimama na neno hilo.

Septemba 2025

Swali la yule mama limetupeleka kwenye jambo mahususi. Wahazini wanne wanatumia saa nyingi kutuandalia nakala za madaftari, na bajeti haina mstari wao. Hofu ya kawaida ya kamati za maadili ni kwamba ukimlipa mshiriki unanunua majibu yake. Hofu hiyo ina msingi kwa dodoso la maoni. Daftari la mauzo limeandikwa kabla hatujafika, malipo hayawezi kulibadilisha, na kazi ya kulinakili ni kazi kamili. Tumeandika marekebisho: wahazini walipwe kwa saa kama wasaidizi wa takwimu, kwa kiwango kilekile cha mdadisi. Fedha zitatoka kwenye akiba ya safari tuliyoiondoa mwaka jana.

Oktoba 2025

Hakuna kazi ya uwandani. Uchaguzi Mkuu ni tarehe 29. Tunasafisha takwimu za mizunguko mitatu.

Desemba 2025

Mzunguko wa nne, wa vuli, umekamilika. Kamati ya maadili imepitisha malipo ya wahazini, na mfadhili ameridhia kuhamisha fedha kutoka fungu moja kwenda jingine. Mama mhazini alisaini fomu ya malipo, akaisoma yote kwanza kama anavyosoma kila kitu, akauliza sehemu ya "tarehe ya huduma" inamaanisha siku aliyonakili au siku aliyolipwa.

Tunayoweza kuyasema sasa bila kukimbilia hitimisho: katika vijiji vyote vinne mauzo ya masika yako chini sana ya yale ya kiangazi. Vyombo vinavyofunga mwaka vikiwa salama si lazima viwe na mauzo makubwa zaidi. Ni vile vilivyovusha fedha kutoka msimu mmoja kwenda mwingine. Katika vijiji viwili vilivyo karibu na bomba jipya, mazungumzo yanaegemea zaidi swali la nani atamiliki vituo na nani atamlipa fundi, na bei inatajwa kidogo kuliko nilivyotarajia. Hili linahitaji mwaka mwingine wa kulifuatilia, na tumeliandikia andiko dogo la maombi kwa fedha za ndani za chuo. Kwenye ukurasa wa ratiba tumeweka miezi ya mvua juu na miezi ya malipo chini yake, ili wanaopitia maombi waone zinavyokutana.

Awamu ya mwisho ya ruzuku imeombwa. Kazi iliyobaki kwetu ni kuchapa majedwali ya miezi 12 kwa Kiswahili na kuyapeleka kwa vyombo vinne, ofisi ya RUWASA wilayani na halmashauri, kabla ya makala yoyote kutumwa kwenye jarida. Uchapishaji una fungu lake kwenye bajeti, na safari ya kuyapeleka imepangwa Februari, barabara zikiwa kavu.